Vibanzi vya Bure

Vijana wangu,

Jumapili baada ya ibada mama mmoja alinishika mkono akaniambia mmepewa zile ploti za mboga chini ya Berea, pale palipokuwa uwanja wa zamani wa wazee wa kizungu wa kuviringisha mipira. Nilifurahi sana. Halafu akaongeza, "Na kuna mtu wa lori ameahidi kutuletea vibanzi vya miti vya kutandaza njiani. Bure kabisa, Mama Neema!"

Furaha ikakatika pale pale. Nilifika nyumbani hata chai sikunywa, nikamwambia binti yangu anipe karatasi.

Najua wengi wenu mmezaliwa hapa hapa Joburg. Kiswahili mnakisikia, lakini kujibu mnajibu kwa Kiingereza, na mkiwa na hasira kwa Kizulu. Basi someaneni. Anayekwama amuulize mama yake. Mimi nimelima pale tangu nilipofika kutoka Uvira hadi magoti yalipokataa, na lenga-lenga, mchicha wetu, niliyouza kwenye korido za Berea ndiyo iliyolipia chumba na kusomesha watoto. Sikuwa tajiri. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuumwa tumbo kwa mboga zangu, na nataka hivyo hivyo kwenu.

Kwanza, sisemi vibanzi ni vibaya. Njia isiyo na kitu, mvua za mwezi wa kumi zikianza, inageuka tope. Unabeba nusu ya bustani kwenye viatu mpaka ndani ya teksi, na dereva anakutukana. Njia yenye vibanzi ni kavu, magugu hayaoti ovyo, na goti la mzee linashukuru. Utandaze maboksi chini, uyatoe gundi na plastiki zote, uyaloweshe maji, halafu vibanzi juu yake vifike kifundo cha mguu. Usivichimbie ndani ya udongo wa tuta. Vikioza humo vinakula chakula cha mboga, nayo inabaki ya njano kama mtu mwenye homa. Viache juu, viache njiani. Na asubuhi za mvua uvifunue pembeni uwatoe konokono, maana wanapenda kulala humo, na wakiamka wanaenda moja kwa moja kwenye miche yako.

Aliyenifundisha hayo ni Mzee Salvator, Mrundi mmoja aliyekuwa na ploti karibu na bomba. Alikuwa mtu wa kunusa. Ukimletea samadi ananusa. Ukimletea mbegu ananusa. Kuna mtu alimpa chupa tupu za maji, zile kubwa za lita tano, akazinusa moja moja kama mtu anayechagua tikiti sokoni, na mbili akazitupa. Nikamuuliza, "Mzee, chupa ya maji ina harufu gani?"

Akasema, "Ya maji haina. Hizi zina. Mjini pale watu wanauza dawa ya panya na ya mende ndani ya chupa za maji. Wewe unaona chupa. Mimi naiuliza ilikuwa wapi jana."

Siku nyingine alinusa mfuko uliokuwa na pilipili ya unga akidhani ni mbolea, akapiga chafya mpaka ibada ya jirani ikasimama. Tulicheka. Yeye hakucheka. Alifuta macho akasema, "Sasa najua ni nini." Baadaye alipata nafasi ya kuhamia ng'ambo na wanawe, akaondoka. Mimi nikabaki na pua yake.

Zile chupa alizozikubali ndizo tulizotengenezea vikofia. Mtaona madukani wanauza vitu vya plastiki vya kufunika miche, msitupe hela. Chukua chupa ya lita tano, kata kitako chake, izamishe chupa kidogo udongoni juu ya mche. Hicho ni kikofia. Baridi ya mwezi wa saba hapa, ile asubuhi majani yanakuwa meupe kwa sakitu na bomba linagoma kutoa maji, mche ulio ndani ya kikofia unaamka mzima. Upitishe kijiti kwenye kishikio cha chupa mpaka udongoni, la sivyo upepo wa mwezi wa nane utakipeleka mpaka Hillbrow. Jioni funga kizibo. Asubuhi jua likitoka kifungue, maana ndani panakuwa moto kama sufuria, na mche unaiva kabla ya kuzaa. Kwa tuta zima nilikunja paipu nyeusi za maji ziwe kama mbavu, nikafunika kwa plastiki zinazovikwa magodoro mapya. Wenye maduka ya magodoro wanazitupa. Omba vizuri utapewa. Ndiyo, na hizo nilinusa.

Basi. Mwaka ninaotaka kuwaambia, jirani yangu wa ploti alikuwa MaDlamini, mama wa Soweto, mjane, mpana wa mabega, mwenye nyanya nzuri kuliko zangu. Alikuwa anakuja kwa teksi ya kwanza. Hatukuwa maadui. Tulisalimiana, "Sawubona, Mama wa Congo," "Yebo, MaDlamini," basi, kila mtu kwa jembe lake. Lakini mara kadhaa nilifika nikakuta vizibo vya vikofia vyangu vimefunguliwa, na mimi sikuvifungua. Nikawa namwangalia kwa pembe ya jicho. Mtu anayegusa vitu vya mwenzake asubuhi kabla hajafika anatafuta nini?

Mkubwa wa bustani alikuwa Bra Solly, mstaafu mwenye funguo za stoo na za lango, mtu wa sauti kubwa na moyo si mbaya. Baridi ilipoisha, ndiye aliyemleta dereva wa lori. Kijana mchangamfu, kofia nyuma, mashine ya kusaga matawi inavutwa nyuma ya lori. Akamwaga kilima cha vibanzi hapo mbele ya stoo, akapiga makofi. "Sharp! Vingine nitaleta."

Watu walikimbia na ndoo. Mimi nilikwenda nikachota konzi, nikanusa. Harufu ya mti mbichi, sawa, lakini chini yake kulikuwa na nyingine, kali kidogo, ya stoo ya dawa. Nikavitawanya kiganjani. Kimoja kimoja kilikuwa na doa la buluu.

Nikamuuliza dereva, "Hii buluu ni nini?"

"Rangi tu, Mama."

"Nani anapaka mti rangi?"

Akacheka, akapanda lori. Bra Solly akaniambia, "Eish, Mama Neema, umepewa zawadi unauliza cheti cha kuzaliwa!" Wote wakacheka. Mimi nikamwaga konzi langu pale pale, nikarudi kwenye ploti yangu na njia zangu za tope.

Wenzangu walitandaza njiani, na kwa kuwa vilikuwa vingi wakatandaza na juu ya matuta pia, kuzunguka shina za nyanya. MaDlamini ndiye aliyetandaza vizuri kuliko wote. Ploti yake ilipendeza kama sebule. Zikaja mvua za kwanza, zikalowesha kila kitu.

Halafu nyanya zikaanza kujikunja.

Ilianzia juu, majani machanga. Yalijisokota, yakawa membamba kama vidole vya mtoto mchanga vinavyoshika kitu kisichokuwepo. Maharage yakafuata. Shina zikapinda. Ikaletwa dawa ya wadudu, zikanyunyiziwa, zikazidi kupinda. Lakini mahindi yalisimama wima, ya kijani, hayana habari. Hilo nililiona na nikaliweka moyoni: ugonjwa gani unaochagua hivi?

Na kwangu hakukuwa na kitu. Nyanya zangu zilitoka ndani ya vikofia zikanyooka. Mnaelewa hatari yake? Ploti zote zinaumwa, ya mgeni peke yake ndiyo nzima.

Mwaka ule maneno yalikuwa mengi kwamba chakula cha wageni kinaua. Huko Soweto watu walikuwa wanapita mbele ya spaza, vile viduka vya wageni, wameshika watoto mkono. Mimi mwenyewe wateja wa zamani walianza kuniuliza, "Mama, hii lenga-lenga umeiwekea nini?" Kwa hiyo niliposikia minong'ono karibu na bomba, nikajua inaelekea wapi. Mmoja anasema nimefunika mimea yangu na plastiki kwa sababu najua kilicho hewani. Mwingine anasema ni muti, dawa za uchawi. Nikipita, wananyamaza.

Asubuhi moja nilivuka mpaka nikainua jani la nyanya ya MaDlamini, nilitaka kuona chini yake kama kuna wadudu. Hakukuwa na mdudu hata mmoja. Nilipoinua macho alikuwa amesimama nyuma yangu, mfuko wa sokoni mkononi.

"Unafanya nini kwenye ploti yangu?"

"Natafuta kinachokula nyanya zako."

"Umekipata?"

"Hapana."

"Mimi nafikiri nimekipata," akasema, na hakuwa anaangalia nyanya.

Jumamosi Bra Solly akaitisha mkutano. Tukakaa kwenye ngazi za stoo. Yeye hakupiga kelele siku hiyo, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, kwa Kiingereza ili wote tuelewe, kwamba watu hawana amani, na labda ni vizuri Mama Neema arudishe ufunguo wake wa lango mpaka mambo yatulie. Mambo yakitulia ufunguo haurudi, ninyi mnajua. Nilifikiria chumba, nikafikiria shule.

Nikasema, "Nipeni nafasi ya maharage."

"Maharage gani?"

Nikawaeleza jaribio ambalo Mzee Salvator alikuwa analifanyia kila samadi ngeni. Chukua makopo, yatoboe chini. Udongo ni ule ule kwa yote. Nusu ya makopo uchanganye na kitu unachokishuku, nusu uache hivyo hivyo. Panda maharage, maana maharage hayawezi kuficha siri. Yakipata sumu ya kuua magugu, majani yake yanaisema. Subiri majani halisi yatoke, yale yanayokuja baada ya yale mawili ya kwanza. Kama ni vibanzi, tutaona. Kama ni mimi, nitatoa ufunguo mwenyewe.

MaDlamini akasimama. "Mbegu zitakuwa zangu," akasema. "Siziamini za kwako."

Nikasema, "Sawa. Udongo utakuwa wangu. Kama nina sumu, imo humo."

"Maji nitamwaga mimi."

"Utamwaga mimi nikiwepo."

"Na wewe hutagusa kopo mimi nisipokuwepo."

"Wala wewe."

Watu walianza kucheka, lakini sisi hatukucheka. Tukapanga makopo kwenye kibaraza cha stoo ambapo kila mtu anapita. Tukayafunika na wavu wa pazia la zamani, yeye akafunga fundo lake upande huu, mimi langu upande ule. Lake lilikuwa gumu, la mtu aliyewahi kufunga ng'ombe. Kila asubuhi ilibidi tukutane ili tufungue mafundo, tumwagilie, tufunge tena. Hakuna aliyethubutu kuchelewa, maana kuchelewa kungekuwa ushahidi.

Na watu wawili wakikutana kila asubuhi kulindana, mwisho wataongea. Siku moja nikamuuliza bila kumwangalia, "Kwa nini ulikuwa unafungua vizibo vya vikofia vyangu?"

Alinishangaa. "Kwa sababu unachelewa! Siku za maombi yenu unakuja jua limeshapanda. Miche ilikuwa inaiva humo ndani, inatoa jasho. Sasa ningeiangalia tu?"

Nilimimina maji. Yeye naye akaniambia mumewe alikuwa amefanya kazi mgodini, na alipougua kila mtu alimwambia sababu yake, majirani, mashemeji, mpaka mtu wa duka, na hakuna sababu hata moja iliyokuwa kweli. "Tangu wakati ule," akasema, "napenda kuona kwa macho yangu."

Maharage yakaota yote. Majani mawili ya kwanza yalikuwa mazuri kwenye makopo yote, na wale wa kwenye bomba wakaanza kuniangalia vibaya tena. Nilipita siku ngumu pale, nawaambia. Nililala vibaya. Nilianza kuushuku hata udongo wangu mwenyewe, hata pua yangu.

Halafu yakaja majani halisi. Kwenye makopo ya udongo mtupu yalifunguka mapana, kama mkono unaosalimia. Kwenye makopo yenye vibanzi yalitoka yamesokotwa, membamba, yamepinda ndani. Vile vile kabisa kama kwenye nyanya zake.

MaDlamini alifungua fundo lake taratibu. Akachukua kopo moja la huku na moja la kule, akayaweka juu ya ngazi, akamwita Bra Solly kwa sauti iliyofika barabarani.

Watu wakakusanyika. Wakainama kuyaangalia. Halafu jamaa mmoja nyuma akasema, "Lakini yeye alijuaje? Sisi wote tulichukua, yeye peke yake alikataa. Alijuaje?"

Vijana, hapo niliona kwamba hata ukiwa na ukweli mkononi, bado unaweza kushikwa nao.

MaDlamini ndiye aliyejibu. "Hakujua," akasema. "Aliogopa. Mimi pia niliogopa, ila mimi nilimwogopa yeye, na yeye aliogopa vibanzi. Mbegu ni zangu. Maji ni yangu. Fundo ni langu. Nani mwingine anataka kuuliza?"

Bra Solly alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Habari ya ufunguo haikutajwa tena siku ile wala siku nyingine.

Dereva alirudi na mzigo mpya siku chache baadaye, anapiga honi kwa furaha. Tulimsubiri langoni sote. Bra Solly akamwonyesha kopo, akamwonyesha kibanzi chenye doa. "Sema kweli. Hii buluu ni nini?"

Kijana aliangalia yale majani, na uso wake ulibadilika. Sikuona ujanja ndani yake. "Ni rangi ya dawa," akasema. "Tunasafisha miti ya kigeni kule mtoni. Ikichipua tena tunanyunyizia dawa ya kuiua, na buluu ni ya kutuonyesha palipokwisha nyunyiziwa. Ikikauka tunakata. Bosi anasema saga, tunasaga. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa inabaki."

"Umempa nani mwingine?" nikamuuliza.

Akataja shule ya watoto wadogo, na kanisa moja upande wa mashariki. Bra Solly aliingia naye kwenye lori hapo hapo, wakaenda kuwaambia. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Sisi tulikwangua. Tulikwangua kila njia na kila tuta kwa reki na mikono, vibanzi vyote vikaingia magunia, yakaondoka na lori lile lile. Nyanya na maharage tuling'oa, hatukula, hatukuuza, wala hatukuvitupa kwenye lundo la mboji, maana sumu ile ingerudi na mboji mwaka mwingine. Wanawake wengine walilia. Msimu mzima wa nyanya ulikwenda hivyo. Pale palipoharibika tulipanda mahindi, kwa sababu mahindi hayaisikii dawa ile, na kabla ya kurudisha nyanya tulijaribu udongo kwa maharage, tena na tena, mpaka majani yalipotoka yamenyooka.

Kwa hiyo mtu wenu wa lori akija, msimfukuze. Mpeni kiti, mpeni maji. Halafu mwulizeni mti umekatwa wapi, kwa nini, na umepakwa nini. Anayejua atajibu, asiyejua atacheka. Akicheka, wekeni lile lundo mbali na matuta, pandeni maharage kwenye makopo, msubiri. Na jirani yenu asiyewaamini, mwacheni alete mbegu zake.

Kuhusu mimi na MaDlamini, msifikiri tulikuwa marafiki wa kukumbatiana. Tuliendelea vile vile, "Sawubona," "Yebo." Ila mwaka uliofuata, mwezi wa kumi na moja, nilikuwa mjini kati kwenye maduka ya jumla natafuta kamba. Mbingu ikawa nyeusi, halafu ya kijani kijani, mnaijua rangi ile. Mvua ya mawe ikaanguka, mawe makubwa kama mayai, watu tumebanana chini ya vibaraza, magari yanalia. Nikawa nawaza nyanya zangu tu. Ilipopungua nilikimbia, nikapanda teksi, nikakimbia tena.

Nilikuta ploti yangu imefunikwa. Mapazia ya wavu, magunia, na juu yake blanketi ambalo si langu. MaDlamini alikuwa amesimama katikati, ameloa mpaka mifupa, damu kidogo kwenye paji la uso. Nyuma yake nyanya zake mwenyewe zilikuwa zimelala chini, zimepondwa zote.

Nikamuuliza, "Kwa nini umefunika zangu?"

Akapangusa uso. "Nilikuwa stoo ilipoanza. Vifuniko vilitosha ploti moja tu. Yako ilikuwa karibu."

Kesho yake nilifika mapema kuliko teksi yake. Nilisimama kwenye mlango wa stoo, nikatembea mpaka kwake nikihesabu hatua. Nikarudi mlangoni, nikatembea mpaka kwangu. Yangu ilikuwa mbali zaidi. Nikapima mara ya pili, maana mimi ndivyo nilivyo. Kisha nikachukua koleo, nikang'oa nusu ya miche yangu pamoja na udongo wake, nikaipanda kwenye matuta yake, na nilikuwa nimemaliza kumwagilia alipotokea langoni.